Kilo Nne na Nusu

Mwezi wa nne mwaka wa 2024 nililipwa dola 18 niwafundishe watu wa Kanada jinsi ya kwenda msituni na mzigo mdogo. Kanada sijafika. Pasipoti sina. Msitu ninaoujua ni Karura, na huko nimeingia mara mbili, zote mbili kwa kulipiwa. Lakini kazi ya kuandika mtandaoni ndivyo ilivyo: mteja anatuma kichwa, idadi ya maneno na saa ya kumaliza, na wewe unageuka mjuzi. Wiki iliyotangulia nilikuwa mtaalamu wa meno ya mbwa.

Nilikuwa naandikia nyumbani, Mukuru kwa Reuben, chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi tulichoishi watatu: mama, dada yangu mdogo na mimi. Nilirudi hapo baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Karo ilinishinda, na sina haja ya kuieleza sana, hadithi yenyewe unaijua, kila ploti ina mmoja wetu. Leso iliyoning'inizwa kwenye kamba ndiyo iliyogawanya chumba. Karibu na mlango, penye mwanga, kulikuwa na cherehani ya mama, ile ya chuma ya kukanyaga kwa mguu. Ilikuwa na nafasi kubwa kutuliko sisi wote. Mama aliinunua zamu yake ya chama ilipofika, nikiwa darasa la nne, na tangu hapo ilishona sare za shule, mapazia, na zipu za suruali za nusu ya wanaume wa mtaa wetu. Karo yangu ya sekondari ilitoka humo. Usiku akimaliza kazi aliifunika shuka kama mtoto.

Basi nikasoma usiku kucha. Nikagundua kuna watu wanaohesabu gramu vile mama mboga anavyohesabu shilingi. Wana kipimo chao: uzito wa begi kabla hujatia chakula, maji na mafuta ya jiko. Ukiwa chini ya pauni kumi, yaani kilo nne na nusu hivi, wewe ni mwepesi kweli kweli. Ili kufika hapo wanakata mpini wa mswaki. Wanaacha hema nyumbani, wanabeba kipande cha turubai jepesi na kukisimamisha kwa fimbo zao za kutembelea. Sufuria ndiyo hiyo hiyo sahani, ndiyo hiyo hiyo kikombe. Mmarekani Ray Jardine ndiye aliyezieneza sana fikra hizi miaka ya 1990, lakini kabla yake kulikuwa na shosho mmoja, Emma Gatewood, mama wa watoto 11. Mwaka wa 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia, zaidi ya kilomita 3,000, amevaa raba na kubeba kifuko alichojishonea mwenyewe. Mvua ikija alijifunika pazia la plastiki la bafuni. Huyo nilimpenda. Nilimsimulia mama habari zake, naye akauliza kifuko kilikuwa cha kitambaa gani. Cha jinzi, nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali, fundi kwa fundi.

Makala yangu yenyewe ilikuwa juu ya hifadhi ya Algonquin, jimbo la Ontario, ambako watu husafiri kwa mtumbwi kutoka ziwa hadi ziwa, na pale maji yanapokatika wanautoa mtumbwi na kuubeba mabegani hadi ziwa lingine. Niliandika kuhusu kutundika chakula juu ya mti ili dubu wasikifikie. Niliandika kuhusu soksi. Na kwa sababu nilikuwa nimechoka na ninajisikia mwanafalsafa, nikamalizia na maneno ambayo mteja aliyasifu: kwamba kitu usichoweza kukibeba mgongoni hukimiliki wewe, kinakumiliki.

Nitasema ukweli, kulikuwa na majivuno ndani yake. Nilipoangalia ile orodha yao ya vitu vya kuacha, niliona sisi wa Reuben tulishaviacha kitambo. Viti viwili, jiko moja, sufuria tatu, nguo za kujaza mfuko mmoja wa naironi. Watu wanalipa maelfu ya dola kujifunza kuishi na vitu ambavyo mimi ninavyo tayari! Nikafikiri: kumbe sisi ndio mabingwa. Kuna fikra tamu sana ndani ya umaskini, nayo ni kwamba pengine huu si umaskini, ni hekima. Inafariji kwa siku kama mbili hivi.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 mwezi huo huo mvua ilinyesha bila kupumua. Mto Ngong unapita nyuma yetu, maji meusi yenye kila kitu ambacho viwanda na mitaa ya juu havikitaki. Saa tisa za usiku niliamshwa na baridi miguuni. Maji yalikuwa yameshaingia ndani, stima imepotea, na jirani anagonga mabati kwa mwiko akiita watu kwa majina.

Nikafanya kile nilichokuwa nimewafundisha Wakanada. Laptopu, chaja, simu, vitambulisho, cheti changu cha KCSE, dawa ya pumu ya dada, tochi, sweta moja. Begi likafungwa chini ya dakika mbili. Nakumbuka, na sijivunii, kwamba nilifurahia jinsi lilivyokuwa jepesi. Dada nikampandisha mgongoni, begi nikalivaa kifuani. Maji yalikuwa magotini.

Mama alikuwa amesimama kwenye cherehani na bisibisi mkononi. Kama hujawahi kuishi na cherehani ya namna ile, kichwa chake hulazwa nyuma, na ukilegeza skrubu mbili zilizo chini kinachomoka. Ni kazi ya dakika mbili au tatu ukiwa na mtu wa kukushikia tochi. Akaniambia, "Shika hapa, baba, tutoe kichwa." Mimi nikamwambia, "Mama, wacha. Ni kitu tu."

Aliniangalia. Kisha akaitia bisibisi ndani ya leso, akatoka.

Tulilala kanisani na familia nyingine nyingi. Maji yalipopungua tulirudi tukakuta ukuta mmoja umekwenda, miguu ya cherehani imesimama wima ndani ya matope, na kichwa hakipo. Siku chache baadaye serikali iliamuru watu wote wa kando ya mito wahame, mita 30 kutoka ukingoni, na mwezi wa tano matingatinga yakamaliza kazi ambayo mto uliianza, kwetu na Mathare pia. Kulikuwa na ahadi ya shilingi 10,000 kwa kila familia. Hayo yaliandikwa sana wakati ule, sitayarudia. Tulipata chumba kingine mbali kidogo na mto, ghali zaidi na kidogo zaidi.

Ninachotaka kukisimulia ni zile wiki mbili mama alizozunguka kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Huku kwetu chuma hakina jina, kina kilo. Kila kona kuna mtu mwenye mizani ya kuning'iniza, na kila kilichosombwa na maji kilifika kwake: sufuria, mabati, fremu za vitanda, injini za friji. Mama alienda kwa mmoja baada ya mwingine akiuliza kama wameletewa kichwa cha cherehani. Wengine walimwachia apekue mwenyewe. Hakukipata. Alipochoka kutafuta alianza kwenda South B asubuhi kufulia watu nguo, na jioni akirudi alikuwa anashuka ngazi ya matatu kinyumenyume, kwa sababu ya mgongo.

Sasa, rafiki zangu wote niliowasimulia wananiambia kitu kimoja: uliokoa uhai, cherehani si mtu. Ni kweli. Kama maji yangepanda kwa kasi zaidi, na mimi nashikilia tochi eti tulegeze skrubu, na dada yuko mgongoni, ningekuwa mpumbavu, na pengine leo mtu mwingine angekuwa anaandika habari zetu. Sisemi nilikosea kutoka. Hesabu ya maji sikuijua na hakuna aliyeijua.

Kinachonisumbua ni laptopu. Laptopu ni kitu tu, kama ni hivyo. Ina kilo mbili kasoro. Niliibeba bila kujiuliza, kwa sababu ndiyo inayonilisha. Cherehani ndiyo iliyotulisha sisi watatu miaka yote ile, ikanilisha hadi nikajua Kiingereza cha kuandikia Wakanada, na nikaiita kitu. Sikusema "Mama, hatuna muda." Hilo lingekuwa kweli, na angelisikia. Nilisema ni kitu tu. Nilimhubiria. Nilichukua falsafa niliyoinunua kwa bando la shilingi mia nikampima nayo mwanamke aliyesimama ndani ya maji machafu.

Watu wa mzigo mwepesi wana swali lao kuu: unahitaji nini? Ni swali zuri, na wao hujiuliza wenyewe, kila mmoja kwa begi lake. Ubaya unaingia pale mtu mmoja anapolijibu kwa niaba ya mwingine. Na ukiangalia vizuri, maskini hujibiwa swali hilo kila siku. Mwenye nyumba anajua unahitaji nafasi kiasi gani. Mfadhili anajua unahitaji nini, na kwa kawaida ni semina. Hata mtoto wako wa kuzaa, aliyesoma kidogo, anajua.

Lakini kuna jambo la pili, nalo lilinichukua muda mrefu zaidi kuliona. Yule Mkanada wa kilo nne na nusu si mwepesi kama anavyodhani. Nyuma yake kuna nyumba yenye kabati, na ndani ya kabati kuna kila alichokiacha. Kuna gari limeegeshwa njia inapoanzia. Kuna kadi ya benki, bima, na mahali pengi kuna helikopta itakayomtafuta akivunjika mguu. Anaweza kuacha sweta la pili kwa sababu mambo yakiharibika, kuna watu na mashine watakaolibeba tatizo lake. Begi lake lina mkia mrefu usioonekana kwenye picha. Mimi nikadhani tunafanana kwa sababu mabegi yetu yana uzito mmoja.

Na hata huko Kanada kwenyewe, watu wa zamani waliopita misituni kwa ajili ya biashara hawakuwa wepesi hata kidogo. Wakati nasoma kwa ajili ya makala, niliruka sehemu ya historia kwa sababu mteja hakuitaka. Baadaye nikairudia. Zile njia nchi kavu za kubebea mitumbwi kati ya maziwa zilikuwa za wenyeji wa asili wa nchi ile kabla ya Mzungu kufika. Wakaja wafanyabiashara wa ngozi za wanyama, na vijana wa kupiga makasia walioajiriwa kutoka Montreal. Kila mmoja, mtumbwi ukifika mwisho wa maji, alitakiwa kubeba vifurushi viwili, kila kimoja pauni 90. Jumla ni kilo kama 80. Walibeba kwa mkanda wa ngozi uliopitishwa juu ya paji la uso.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mkanda wa usoni! Nenda Nyeri au Murang'a uulize wazee, watakuonyesha: Wakikuyu wanauita mũkwa, na wanawake wamebebea kuni na maji miaka na miaka, hata wengine wakabaki na alama ya bonde kwenye paji la uso. Bahari na bara vimetutenganisha na Kanada, lakini mtu akipewa mzigo unaozidi mikono yake anagundua kitu kile kile. Leo njia zile za Ontario ni za kupumzikia. Ukitembea hapo na kilo nne na nusu, unapita mahali ambapo mtu mwingine alikwishavunja mgongo.

Sisi hapa Nairobi tuna mtaa mzima unaoitwa mzigo. Kariokor ni Carrier Corps iliyotafunwa na midomo ya watu, jeshi la wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, kama vile Kariakoo ya Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya watu walikufa wakibeba vyakula na risasi za vita vya Wazungu, wengi wao kwa njaa na kuhara, si kwa bunduki. Katikati ya jiji, Kenyatta Avenue, zipo sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka Waafrika wa vita ile, na mmoja wa wale watatu ni mpagazi. Nimepita hapo mara mia nikikimbilia matatu. Siku moja baada ya mafuriko nilisimama nikamwangalia. Askari wa kisasa na gari lake huenda haraka, lakini jeshi la wakati ule lilikwenda kwa kasi ya miguu ya mtu yule, na afisa aliyetembea mikono mitupu aliitwa hodari wa safari.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuamini kitu ambacho naendelea kukiamini: uzito haupotei. Ukiutua, mtu mwingine anaubeba, au mtu huyo huyo anaubeba siku nyingine akiwa amezeeka. Kilo za ile cherehani niliyoiacha hazikusombwa na mto. Zilihamia kwenye mabeseni ya South B, mgongoni kwa mama.

Ningekomea hapo kama nisingepanda mlima.

Januari 2025 kikundi kimoja cha wapanda milima wa hapa jijini kilinichukua Mlima Kenya niwaandikie na kuwapigia picha za mitandao yao, malipo yangu yakiwa ni safari yenyewe. Majirani walicheka sana. Mama mmoja wa ploti aliniuliza, "Unaenda kulala kwa hema kwa hiari yako? Si ungetuambia, mwaka jana tulikuwa nazo." Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na hamu, na sitaiombea radhi. Mwaka wa 1943 Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Waingereza pale Nanyuki walitoroka ili tu waupande mlima waliokuwa wanauona kupitia seng'enge. Felice Benuzzi, aliyekuja kuandika kitabu juu yake, na wenzake walitengeneza vifaa vyao kwa vyuma vya takataka na nyundo, na kamba kutoka kwenye nyuzi za mkonge za vitanda vya kambi. Jua kali tupu! Wawili kati yao walifika Point Lenana, wakasimika bendera yao, wakashuka, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini kufungwa tena. Akiba yao ya chakula waliiweka kidogo kidogo kutoka kwenye mgawo wa mateka. Kwa hiyo mtu asiniambie mlima ni wa walioshiba.

Tulianzia lango la Sirimon. Kikundi kilikuwa na watu tisa, na begi la kila mmoja lilikuwa dogo na zuri, chupa ya maji, koti la mvua, biskuti. Dada mmoja aliniomba nimpige picha ameinyoosha mikono, nikamwandikia chini yake maneno kuhusu kusafiri mwepesi. Nyuma yetu, nje ya picha, walikuwa wapagazi. Kiongozi alikuwa anapima mizigo yao pale langoni kwa mizani ya kuning'iniza, ile ile ya wanunuzi wa chuma wa Mukuru. Niliitambua hata kabla sijaona ndoano. Hema, unga, mayai, mtungi wa gesi, viti vya kukunja vya kukalia wakati wa chai. Kilo zikitimia anasema basi, kinachobaki kinaenda kwa mwingine.

Mimi nilikuwa nimebeba vyangu vyote. Nilikuwa nimeapa. Kilo kumi na tatu na kitu, kwa sababu mfuko wa kulalia niliouazima ulikuwa wa kizamani, mkubwa kama godoro. Hadi Old Moses, mita 3,300, nilikuwa mwema na mwenye haki. Siku ya pili, tukielekea Shipton's kupitia bonde la Mackinder, katikati ya ile mimea mirefu inayofanana na watu waliovaa magunia, kichwa kilianza kunigonga na miguu ikawa si yangu. Mpagazi mmoja, mzee wa umri wa mama yangu, alikuja akatembea kando yangu bila kusema kitu kwa kama nusu saa. Kisha akauliza, "Kijana, hiyo begi yako inaadhibu nani?"

Nikamwambia, kwa pumzi mbili mbili, kwamba sitaki mtu mwingine anibebee.

"Na mimi nikule nini?" akasema.

Hakusema kwa hasira. Alinieleza, huku anatembea kama yuko sokoni, kwamba mzigo wake umepimwa, malipo yake anayajua, siku akizidishiwa kilo anakataa na wenzake wanamuunga mkono. Watoto wawili wamesoma kwa mgongo huo. Akasema anapenda milima. Akasema asiowapenda ni wageni wanaosema hawahitaji mtu, halafu usiku wanakuja kuomba blanketi, chai, na kushikwa mkono kwenye changarawe. "Huyo amebebwa pia," akasema, "ila hajalipa."

Nilimpa mfuko wa kulalia. Nikamlipa, si sana, nilichokuwa nacho kwenye simu, na tulipatana bei kwanza. Alfajiri iliyofuata nilifika Point Lenana, mita 4,985, mahali pale pale ambapo Kisoi Munyao alipeleka bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963, na nikalia kidogo, kama wanavyolia wengi, kwa sababu ya baridi na upungufu wa hewa na kadhalika.

Yule mzee aliiharibu falsafa yangu na kuitengeneza papo hapo. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuamini kwamba kubebwa ni dhambi. Yeye anasema kubebana ndiyo hali ya kawaida ya watu. Tofauti ni kama mzigo umepita kwenye mizani na mbebaji akakubali, au umewekwa juu yake gizani akaambiwa si kitu. Wa kwanza una kilo, bei na haki ya kukataa. Wa pili hauna hata jina. Ukimwita mtu mwenye mzigo wa pili "mwepesi", au "mvumilivu", neno tunalolipenda sana kwa mama zetu, umeongeza kilo nyingine.

Bado sijui niweke wapi mambo kadhaa. Huyo mzee angeweza kukataa kilo, lakini je, angeweza kukataa kazi? Kijana wa mkokoteni pale Enterprise Road naye "amekubali" mzigo wake kila asubuhi, kwa maana ile ya kukubali ambayo mwenye njaa anakubali. Hata huko Kilimanjaro, ambako hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 za mzigo kwa mpagazi, kikomo kinasema mengi kuhusu mgongo na machache kuhusu sababu iliyomleta mtu langoni saa kumi na mbili asubuhi kutafuta mzigo. Mizani ni mwanzo tu. Lakini mwanzo huo mama yangu hakuupata kwangu, na ulikuwa ndani ya uwezo wangu. Ningeweza kusema: ni nzito, ni yako, ndiyo iliyotulea, na naogopa maji. Tungetoka mikono mitupu vile vile.

Nilimwambia hayo mwishowe, mwezi wa tatu, akiwa anamenya viazi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, na Waitaliano na wapagazi ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo umekubali ni kosa lako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa. Basi nitafutie nyingine."

Ilinichukua miezi mitano, na makala nyingi kuhusu meno ya mbwa. Kwanza nilimletea picha za zile za kisasa za umeme, nyeupe, nyepesi, unaweza kuitia kwenye begi na kukimbia nayo mafuriko yakija. Nilifikiri nimekuwa mwerevu. Mama aliangalia simu kidogo tu. Akasema ile haitatoboa jinzi, na stima ikipotea inakuwa pambo, na kitu anachoweza kukimbia nacho yeye, mwizi pia anaweza. Alitaka ya chuma.

Tuliipata kwa fundi mmoja Gikomba, kichwa peke yake, kwa sababu miguu ile ya zamani tuliitunza, inasimama nyumbani na ubao juu yake kama meza. Kilikuwa kimefunikwa gunia. Nilikibeba begani hadi stejini, kondakta akanitoza nauli ya mtu wa pili, na kutoka kituo cha mwisho nikakitembeza hadi nyumbani, nikibadilisha bega kila nilipofika kwenye mtaro. Karibu na ploti yetu kuna yule mnunuzi wa chuma ambaye mama alimwendea mara nne mwaka ule. Nikamwomba aniwekee kwenye mizani. Akakining'iniza. Kilo kumi na tatu na nusu.

Nilimwambia mama nilipofika. Alikuwa ameshatafuta bisibisi, ile ile. Akageuka akaniuliza nimekipimia nini, kwani nilitaka kukiuza?